Jicho la Shibiri Moja

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Neno hilo si langu. Ni la Sista Gathoni, mkuu wa chumba cha vipimo, aliyelisema akinikatia keki Ijumaa iliyopita. "Mkataba wake umeisha, anarudi kusoma," aliwaambia wenzetu. "Lakini kwa wasiwasi wa huyu msichana, hapa amefanya kazi miaka arobaini. Tumuage kama mzee mwingine yeyote."

Kliniki yetu ya macho hapa Thika ina desturi: anayeondoka huwaandikia wanaoingia. Dereva aliyestaafu kabla yangu aliacha sentensi moja tu, kwamba gia ya pili ya gari la kliniki haipendi kuharakishwa. Nilijaribu kuwa mfupi kama yeye, nikashindwa. Sitawaambia kuhusu barua za mkataba, wala kuhusu siku cheo changu kilipobadilika kwenye beji, kwa sababu siku hiyo kilichobadilika kilikuwa beji. Nawaandikia ninyi mtakaokalia kile kiti changu. Tukianza na kiti chenyewe, hushuka polepole mtu akiwa amekikalia, kwa hiyo kipandisheni kabla mgonjwa hajaingia. Ukianza kuzama mbele yake huku umemwambia asitikisike, mtacheka nyote wawili, na kipimo kitaharibika.

Nilikuja na digrii mpya na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa za akiba. Chumba chetu kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na siku ile ya kwanza nilisikia mabati yakikatwa chini nikadhani ni mashine yangu inaharibika. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mpole. Nilimuuliza kama yuko sawa, kama kidevu chake kimekaa vizuri, kama taa inamuumiza, kama ana swali, halafu nikarudi tena kumuuliza kama yuko sawa. Mwishowe alimgeukia Sista Gathoni. "Sista, huyu mtoto anajua kitu mbaya juu yangu na anaogopa kusema?"

Sista alinitoa nje. "Makena," akasema, "mgonjwa anakodi moyo wako. Ukiwa na hofu, anakaa ndani ya hofu. Vuta pumzi, rudi ndani, pima."

Kazi yenyewe, kwa wale ambao bado hawajaiona, ni hii. Ndani ya jicho kuna lenzi ya kuzaliwa nayo. Ikianza kuingia ukungu tunaita mtoto wa jicho. Daktari huitoa na kuweka nyingine ya bandia, ndogo kuliko punje ya hindi, ambayo hukaa humo maisha yote ya mtu. Lakini lenzi ya bandia haijirekebishi kama ile ya ujana. Lazima ichaguliwe nguvu yake kabla, na nguvu hiyo hutegemea urefu wa jicho na mviringo wake wa mbele. Mimi ndiye niliyekuwa nikipima. Nikikosea kidogo, mtu anaamka na ulimwengu ambao hakuuagiza.

Kwa hiyo sikilizeni haya ya mkono. Jicho kavu hudanganya mashine. Mdondoshee mgonjwa machozi ya bandia, mwambie apepese, umsubiri. Pimeni macho yote mawili hata kama linalofanyiwa upasuaji ni moja, maana macho ya mtu mmoja ni ndugu, na yakitofautiana sana urefu, rudieni kabla ya kuamini. Ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba taa ya mashine haipenyi, mtatumia ile kalamu ya mawimbi ya sauti inayogusa jicho lililotiwa dawa ya ganzi. Hapo Sista ana sheria moja: kalamu ibusu, isisukume. Ukibonyeza, jicho linabonyea, linaonekana fupi kuliko lilivyo, na hesabu itakupa lenzi yenye nguvu kupita kiasi. Nilijifunzia kwenye nyanya iliyoiva. Sista alininunulia kilo nzima sokoni, na zile nilizobonyeza tulizila na ugali.

Kupima nilikuja kuzoea. Kilichonitesa ni nusu ya pili ya kazi, kukaa na mgonjwa na kumweleza lenzi zilizopo ili achague.

Sista hufundisha kwa vitu vitatu vilivyo chumbani. Mbali ni kalenda ukutani. Kati ni sufuria juu ya kabati. Karibu ni sindano na uzi. Lenzi ya kawaida huchagua kimoja kati ya hivyo vitatu, tena hukionyesha vizuri sana. Wengi huchagua kalenda, halafu huvaa miwani wakitaka sindano. Kuna lenzi inayorefusha masafa, inayokupa kalenda na sufuria, lakini sindano bado hukusumbua. Kuna lenzi yenye vijiduara, inayogawa mwanga ili upate vyote vitatu bila miwani. Watu huisikia hiyo wakafurahi kabla hujamaliza. Lakini mwanga ukigawanywa, kila sehemu hupata pungufu, na taa kali huota pete, kama mwezi wenye mvua. Tena kuna jicho ambalo umbo lake la mbele ni kama yai badala ya mpira. Hilo lina lenzi yake maalumu ya kunyoosha picha, na ikiwekwa imepinda, faida yake hupotea.

Niliona kwamba haki ni kumweleza mgonjwa yote, pamoja na yasiyowezekana. Nilichora. Nililinganisha. Nilisema "kwa upande mwingine" mpaka pande zikaisha. Siku moja fundi wa magari kutoka Mwiki alilala nikiwa bado kwenye lenzi ya pili, na akaamka kwa heshima kuniuliza, "Sasa daktari, ungekuwa mimi?" Nilikuwa sijawahi kumuuliza yeye ni nani.

"Wewe unawapa watu menyu," Sista aliniambia siku hiyo tukinywa chai. "Usimuulize mtu anataka lenzi gani. Muulize akiamka anafanya nini."

Ndipo nikaelewa maana ya Alhamisi. Mgonjwa akishapimwa, Sista humwambia arudi Alhamisi na kazi yake. Anataka uje nayo mkononi, maana maneno peke yake hayampi kitu cha kupima. Anakaa anavyokaa kazini, anaishika anavyoishika, na sisi tunachukua utepe wa mshonaji, tunapima kutoka jicho hadi mkono. Pasta alikuja na Biblia yake, na tukagundua kwamba huwa haisomi, anaijua kwa moyo. Anachotazama ni waumini wa kiti cha nyuma. Bingwa wa drafti kutoka Mwihoko alikuja na ubao na vifuniko vya soda, akamshinda Daktari Kilonzo, mpasuaji wetu, kabla ya kupimwa. Mwenye bucha alizuiwa langoni na askari kwa sababu alikuja na kisu, na ilibidi Sista ashuke kumtetea: "Huyu si mwizi, huyu ni mgonjwa wa sufuria!" Alimaanisha masafa ya kati. Askari hadi leo humwangalia mzee huyo kwa wasiwasi.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Njambi, kwa sababu kila mnachohitaji kujua kimo ndani ya habari yake.

Alikuja tawi letu dogo la Ruiru siku ya kliniki ya huko, mama wa miaka hamsini na kitu, miwani minene imepandishwa juu ya kilemba. Alikuwa na binti yake mkubwa, Njambi, mwalimu wa shule, ambaye ndiye aliyezungumza. Ukungu ulikuwa mzito jicho la kushoto, wa kulia ukianza. Watoto walikuwa wamekaa kikao kwenye grupu ya familia na kuamua.

"Tunataka ile ya vijiduara," Njambi alisema. "Mama Rahabu wa kanisani kwetu aliwekewa, na sasa haoni haja ya miwani hata kidogo. Mum amevaa hizi chupa za soda tangu awe msichana. Imetosha."

"Imetosha kabisa," mama yake aliunga mkono, akitabasamu. "Nimechoka kuitwa Macho Nne."

Nilipima. Macho yake yalikuwa marefu, macho ya mtu asiyeona mbali tangu utotoni. Nikaandika, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujifunza, nikamuuliza akiamka anafanya nini.

"Naenda kuchagua vifaranga," akasema.

Anafanya kazi katika kituo cha kuangulia vifaranga huko Mugutha. Vifaranga vikitoka kwenye mashine, kabla havijafungwa kwenye katoni na kwenda kwa wafugaji, mtu lazima atenge majike na majogoo, maana mfugaji wa mayai hataki kulisha midomo isiyotaga. Yeye ndiye mtu huyo. Ananyanyua kifaranga, anatandaza bawa chini ya taa, anatazama safu mbili za vijinyoya. Jike, safu moja imeipita nyingine. Jogoo, zinalingana. Tofauti ni unene wa uzi.

"Na siku hizi?" nikauliza.

Tabasamu likapungua. "Siku hizi nakisia. Mwenye kituo amenivumilia. Mwezi jana mteja mmoja alirudi akilia, banda limejaa majogoo yanawika asubuhi kama kwaya. Bosi akaniambia, Mama Njambi, tengeneza macho ama nitafute msichana mwingine nimfundishe." Akaangalia vidole vyake. "Hiyo kazi ndiyo yangu. Sijui ingine na siitaki."

"Basi njoo Thika Alhamisi na kazi yako," nikamwambia.

Alikuja nayo, Njambi akimfuata nyuma. Alikuja na katoni yenye matundu, imefungwa kwa kamba, na ndani yake vifaranga vya siku moja vikipiga kelele. Nilikuwa nimewaza mengi usiku na mchana juu ya mgonjwa huyu, lakini kwamba kifuniko kingefunguka hapo mapokezi, hilo sikuliwaza. Vilitawanyika chini ya viti kama maharagwe. Mhudumu wa mapokezi, ambaye ni mrefu kuliko sisi wote, alipanda juu ya meza.

"Ngai! Kimeingia kwa kiatu yangu!"

"Usikanyage! Hiyo ni jike!" Mama Njambi alimfokea.

"Umejuaje na huoni?"

"Kwa sababu inakimbia ikifikiria!"

Tulivikusanya, wagonjwa wakisaidia, mmoja akiwa na bandeji jichoni. Kisha akaketi kwenye chumba changu, nikamwashia taa, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifanya kazi. Alipandisha miwani kwenye kilemba. Hakuifikiria hata, mkono ulikwenda wenyewe. Kisha akamleta kifaranga karibu na jicho la kulia, lile lililobaki na nafuu, karibu sana, mpaka nikadhani anataka kumbusu. Sista akanyoosha utepe. Ilikuwa shibiri moja na kidogo.

Nikaandika namba hiyo, nikaipigia mstari mara mbili.

Mtu asiyeona mbali ana zawadi moja ambayo hakuna anayempongeza kwayo: akivua miwani, huona karibu kuliko wengine wote. Mama huyu alikuwa amejenga maisha yake juu ya zawadi hiyo. Na lenzi iliyowekwa kwa ajili ya kalenda ingeichukua.

Nilimvalisha fremu ya majaribio, ile nzito kama hatamu, nikaweka vioo vinavyolifanya jicho lake la kulia lione kama la mtu aliyewekewa lenzi ya mbali. Akasoma kalenda mpaka jina la mchapishaji. Njambi akapiga makofi. Kisha nikampa kifaranga.

"Haiya," akasema. "Amekuwa pamba."

Nikaongeza kioo cha kuleta karibu, kiasi ambacho zile lenzi za vijiduara kwa kawaida hufikia. Ilibidi amsogeze kifaranga mbali, karibu na goti. Alimwona, ndiyo, lakini mdogo, na zile safu mbili zikawa moja. Tena hapo, nikamweleza Njambi, sijamwonyesha zile pete zinazoota kwenye taa kali, wala jinsi manyoya ya manjano juu ya manjano yanavyofifia mwanga ukigawanywa. Mama Rahabu alikuwa na haki ya kufurahi. Mama Rahabu anauza nguo na kusoma Biblia.

"Si atavaa miwani ya kusomea akiwa kazini?" Njambi akauliza. Lilikuwa swali zuri.

"Kwa kile chumba?" mama yake akajibu. "Kuna joto na mvuke kama sufuria ya githeri. Miwani inaingia ukungu mara moja. Ndiyo maana naivua."

Kulikuwa na njia ya tatu, nami nikaisema kwa sauti ndogo, nikitazama sakafu. Lenzi ya kawaida, ya masafa mamoja, lakini iwekwe kwa makusudi ione karibu. Aendelee kutokuona mbali. Avae miwani barabarani na kanisani, nyembamba kuliko ya sasa, na kazini aivue kama alivyoivua siku zote. Jicho la kulia, ambalo lingengoja zamu yake, lingeishi na mwenzake kwa amani, maana yote mawili yangekuwa ya aina moja.

Njambi alinitazama kama mtu aliyeambiwa ampeleke mama yake saluni anyolewe nusu kichwa.

"Yaani tumlipie upasuaji, halafu atoke na miwani? Daktari, unajua watu watasema nini? Watasema watoto wake walimtafutia ya bei rahisi."

Usidharau hoja hiyo, wewe unayenifuata. Huku kwetu upasuaji wa macho hupimwa na majirani. Aliyefanyiwa husimama barabarani na kumtambua mtu aliye ng'ambo ya pili, na watu husema, amepona. Hakuna jirani anayesimama kukuuliza kama unaona shibiri moja.

Daktari Kilonzo naye, nilipompelekea vipimo, aliguna. "Makena, unajua siku ya kutoa bandeji atasoma herufi moja ukutani. Moja. Nitaonekana nimekosea."

"Ndiyo, Daktari."

"Na lenzi hatutoi kama betri. Ikikaa imekaa."

"Ndiyo, Daktari."

"Wewe una uhakika?"

Nilikuwa na uhakika na vipimo, kwa sababu nilikuwa nimevirudia mpaka Mama Njambi akaniuliza kama nalipwa kwa kila kimoja. Kuhusu mengine yote sikuwa na uhakika. Nilisema hivyo. Daktari akavua miwani yake, akaifuta, akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Uhakika wako si wa kumchagulia. Hakikisha tu anajua anachokiacha. Halafu achague mwenyewe, si grupu ya familia."

Basi tukamrudisha, yeye peke yake, Njambi akasubiri nje. Nilimweleza anachokiacha, bila kukipamba. Akiamka asubuhi hataona uso wa mtu mlangoni. Mama Rahabu atamcheka. Hatasoma bango la gari mpaka avae miwani. Alisikiliza akisugua vidole, kama anayehisi bawa.

"Kairitu," akaniita, yaani msichana, "mbali nimekuwa nikivaa miwani tangu darasa la tatu. Mbali hatujawahi kuwa marafiki. Niwekee ya karibu."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake bandeji ikatolewa, Njambi akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono imekunjwa. Desturi ya chumba ni kuanza na ubao wa herufi ukutani, nami nikaifuata ingawa nilijua.

Mama Njambi akasoma ile kubwa ya juu. Akaishia hapo.

"Endelea, Mum," Njambi akasema.

"Nimemaliza."

"Nyingine?"

"Nyingine naona ni kama siafu wamejipanga."

Njambi akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya adabu, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Na hii ndiyo mnaita kufaulu?"

Nilifungua mdomo nieleze tena yote, kuanzia kalenda. Sikupata nafasi. Mama yake alikuwa ameinyoosha mikono na kuchukua simu kutoka kwa vidole vya Njambi, akaileta shibiri moja kutoka kwenye jicho jipya, bila miwani.

"Shiku anauliza kama nimeamka," akasoma ujumbe wa wanawe kwenye grupu ya familia. "Kamau anasema tuombe. Na huyu... 'Nyinyi mnajua vile Mum ni mkaidi.'" Akainua uso. "Njambi. Hii ni ya nani?"

"Mum, lete simu."

"Imeandikwa hapa, maandishi madogo, 'You'. Ni yako."

Sista Gathoni alitoka chumbani ghafla kwa kisingizio cha kutafuta pamba. Tulimsikia akicheka kwenye korido. Njambi mwenyewe alijizuia kidogo, kisha akashindwa, akainama akamkumbatia mama yake, akisema, "Na si ni ukweli?"

Mngedhani hapo ndipo nilipotulia. Hamnijui. Kusoma simu si kuchagua vifaranga. Simu ina mwanga wake yenyewe, herufi zake ni nyeusi juu ya nyeupe. Bawa ni manjano juu ya manjano. Na kazi ya Mama Njambi ina ukatili mmoja ambao hakuna kozi niliyosoma iliyonitayarishia: jibu lake halitoki siku ile. Ukitenganisha vifaranga leo, hakuna atakayejua kama ulikosea mpaka waote vishungi, ile nyama nyekundu ya kichwani, na hilo huchukua majuma. Vumbi la manyoya ni adui wa jicho lililofanyiwa upasuaji, kwa hiyo kwanza alikaa nyumbani akitumia matone mpaka Daktari alipomruhusu. Kisha akarudi kazini. Kisha tukangoja kuku wakue.

Jicho la pili nalo lilingoja. Alikuwa amesema hataligusa mpaka wateja waseme. Bosi wake naye alikuwa amesema hivyohivyo: kama kundi la kwanza lingejaa majogoo, angemwita msichana mwingine. Mimi niliendelea kupima wagonjwa wengine, lakini nilianza kusikia jogoo kila mahali. Niliuliza mfugaji mmoja aliyekuja kupimwa presha ya macho vishungi huota lini hasa, akanijibu, akaniuliza nafuga aina gani. Nikasema sifugi, nasubiri. Akanionea huruma.

Mwishowe Mama Njambi akapiga simu kliniki. "Mwambieni yule kairitu wa kupima aje Mugutha Jumamosi. Tunaenda kwa mteja wa kundi la kwanza. Kama ni kuaibika, tuaibike pamoja."

Nilikwenda. Mfugaji, Baba Kimani, alitukaribisha kwenye banda lake la mbao na wavu. Kuku walikuwa wamefika umri wa kusema ukweli. Walikuwa wengi, weupe kwa wekundu, wakitembea huku na kule, nami nikasimama mlangoni nikitazama vichwa. Kishungi kidogo. Kidogo. Kidogo. Nilipumua. Kidogo. Kisha pale kwenye kona, karibu na chombo cha maji, kikubwa, chekundu, kimesimama.

"Ndiyo huyo," Baba Kimani akasema, akiwa ameweka mikono kiunoni. "Nimetafuta wengine, sijapata. Ni huyo mmoja tu katika banda zima."

Nilimtazama Mama Njambi. Moyo wangu ulikuwa tayari umeanza kupiga hesabu: kama ni mmoja hapa, ni wangapi kwa wateja wengine, kama mwanga, kama lenzi, kama vipimo.

"Mmoja?" akauliza.

"Mmoja, mama. Zamani, kabla macho hayajakusumbua, nilikuwa nikipata watatu wanne nasema asante. Nilimpigia bosi wako jana. Nimeagiza kundi lingine, nimesema uchague wewe."

Mama Njambi aliingia kati ya kuku, akainama, akamkamata yule jogoo kwa mkono mmoja kabla hajajua. Alipandisha miwani kwenye kilemba. Akamleta hadi usoni, shibiri moja, akalitandaza bawa, ingawa kwa umri ule bawa halikuwa na la kumwambia tena. Wakatazamana.

"Wewe nakukumbuka," akamwambia. "Siku hiyo nilikuona vizuri. Nikasema, hizi safu zinalingana. Halafu bosi akaniita, nikacheka, nikakutupa upande wa wasichana." Akanigeukia. "Kosa ni langu. Jicho halina kosa. Lile lingine lifanyeni hivihivi."

Kisha akanipa jogoo nimshike, akatoka nje ya banda, na hapo ndipo aliposhusha miwani yake, ili aone njia ya kurudi barabarani.